Nyekundu Isiyochuja

Mpishi alirudi siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, na bomba refu la plastiki kwapani, na hakuna aliyemwambia Taratibu kwamba angekuja. Tuelewane mapema: hakuwa mpishi wa chakula. Walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akishinda mbele ya masufuria akichemsha rangi za karatasi, mikono imemwiva hadi viwikoni, na chai yenyewe ilikuwa inamshinda kuipika. Taratibu naye alikuwa na jina lake alilozaliwa nalo, ila katika karakana ya mama yake hakuna aliyelitumia. Walimwita hivyo kwa kuwa hakuwahi kufanya kazi kwa pupa. Isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyotufikisha hapa.

Taratibu moyo ulimruka. Akauambia utulie, kuna kazi, akaendelea kufuta meza ya kioo.

"Hodi," alisema Mpishi, ingawa mlango ulikuwa wazi na yeye alikwisha kuingia nusu.

"Karibu."

"Mama yupo?"

"Yupo nyuma anakata kingo."

"Na wewe upo."

"Nipo. Ningekuwa wapi?"

Ilikuwa imepita miaka miwili na miezi minne tangu wasimame chumba kimoja. Mpishi alikuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yameingia ndani kidogo, na kidole gumba cha mkono wa kulia hakikutulia, kilikuwa kinasugua vidole vingine kana kwamba kuna kitu hakijatoka. Taratibu aliona yote hayo kwa mara moja, kisha akahamishia macho kwenye vifungo vya shati lake, maana vifungo havimtazami mtu.

Mama akatoka nyuma, miwani juu ya paji la uso, kisu cha kukatia mkononi. Yeye hakushtuka. Ndiye aliyemwita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeileta?"

"Nimeileta."

"Weka pale kwenye benchi. Usiegemee kioo."

Sababu ya kumwita ilikuwa mteja mmoja, Mkunjaji, mzee mwenye vidole vyembamba ambaye hukunja karatasi moja bila mkasi mpaka ikawa mnyama. Safari hii alitaka kutengeneza kaa, mwenye miguu yote na magando yote, mwekundu juu na mweupe tumboni. Karatasi ya namna hiyo haipatikani dukani. Huchukuliwa mbili nyembamba zilizotengenezwa kwa mkono, moja nyekundu na moja nyeupe, zikabandikwa mgongo kwa mgongo kwa gundi ya wanga mpaka zikawa kitu kimoja. Mkunjaji alikuwa anasafiri nayo Alhamisi kwenda kwenye maonyesho. Alikuwa amekataa nyekundu za watu watatu. "Nataka ile ya yule kijana wenu wa zamani," alisema, na Mama akakubali kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Kijana wao wa zamani. Watu wa mtaa ule bado wanaikumbuka siku aliyoondoka.

Ilikuwa hivi. Mpishi alileta karatasi sitini nyekundu, Taratibu akazibandika na nyeupe mchana kutwa, na jioni ya siku hiyohiyo Mpishi akaja na shangazi yake, aliyemlea, kuzungumzia posa. Mazungumzo yakaenda vizuri. Mama akasema shangazi arudi asubuhi kuchukua jibu. Asubuhi karatasi zikabanduliwa, na zote sitini zilikuwa zimechuja: nyeupe imekuwa rangi ya ufizi. Shangazi alipofika na Mpishi, amevaa gauni lake zuri, Mama alikuwa amesimama mlangoni na karatasi moja mkononi. Hakumkaribisha ndani. "Kijana wako rangi yake haishiki," alisema, na aliyekuwa akipita barabarani akasimama kusikiliza. "Na kama rangi haishiki, na neno lake sitegemei. Binti yangu simtoi."

Shangazi aligeuka akaenda zake. Mpishi naye akaenda zake. Taratibu alibaki amesimama nyuma ya mama yake, mdomo umefumbwa, na alichokuwa nacho mdomoni ndicho alichokuwa bado nacho Jumanne hii.

"Fungua basi," Mama alimwambia Mpishi. "Tuone."

Mpishi akavuta karatasi kutoka kwenye bomba, akaitandaza juu ya benchi. Ilikuwa mita moja na nusu kila upande, nyuzi zake zinaonekana vizuri ukiinama, kazi safi kabisa. Lakini ile nyekundu. Taratibu aliitazama. Ilikuwa nyekundu ya kitu kilichoachwa juani mwaka mzima.

"Umeisuuza mara ngapi?" aliuliza.

"Mara tisa."

"Zamani ulikuwa unasuuza tatu."

"Zamani ilichuja."

Mama akachovya kitambaa cheupe cha pamba kwenye maji, akakikamua, akakilaza kwenye pembe ya karatasi, akaweka jiwe juu yake. Kila karatasi inayoingia karakana ile hupitia hapo. Wakasubiri dakika kumi. Mama alipoinua kitambaa, kilikuwa cheupe vilevile.

"Haichuji."

"Haichuji, Mama," alisema Mpishi. "Haina tena cha kuchuja."

"Kaa mwenyewe ataonekana anaumwa."

"Najua."

"Mkunjaji ataikataa."

"Labda. Lakini haitamharibia nyeupe yake. Hicho ndicho ninachoweza kuahidi siku hizi."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake, na ndiyo maana ilimuuma Taratibu zaidi. Akaona bomba bado lina kitu ndani.

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo si ya kubandika."

"Nionyeshe hata hivyo."

Akasita, kisha akaivuta. Na pale, kwenye benchi lile la mbao lililojaa madoa, ilikuwepo nyekundu ambayo Mkunjaji alikuwa akiitafuta kwa watu watatu. Ilikuwa nzito na tulivu, unaitazama na hutaki kuondoa macho. Mama alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso bila kujua kwamba ameishusha.

"Nimeisuuza mara tatu," alisema Mpishi. "Kama zamani."

"Sasa umeileta ya nini, kama si ya kubandika?" aliuliza Mama.

"Nilitaka mtu anayejua aione kabla sijaacha."

"Kuacha nini?" Taratibu aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Hii kazi. Kaka yangu ana gari la mizigo, anataka mtu wa kusaidiana naye. Kilichobaki ni kumjibu, mwezi ujao naanza." Kidole gumba kikasugua. "Kila nikikoroga sufuria naziona zile sitini. Naongeza siki ili rangi ishike, nasuuza, naongeza tena, nasuuza tena, mpaka rangi yenyewe inaondoka. Mtu hawezi kufanya kazi hivyo. Afadhali mizigo. Gunia halichuji."

Mama akaweka kitambaa chenye maji kwenye pembe ya ile nyekundu nzito. Dakika kumi nyingine. Nacho kikatoka cheupe.

"Inapita," alisema Taratibu.

"Hata siku ile ilipita," alisema Mama. "Kitambaa ni dakika kumi. Gundi ni usiku kucha. Tutabandika hii iliyopauka. Mkunjaji akikataa, akatae."

"Ni sawa," alisema Mpishi, akaanza kuikunja ile nzuri airudishe kwenye bomba.

Sasa angalia msichana huyu alivyobanwa. Akinyamaza, karatasi iliyopauka itabandikwa salama, hakuna atakayejua lolote, na mwezi ujao kijana mwenye mikono ile atakuwa anapakia magunia kwa kosa ambalo hakulifanya. Akisema, ajitayarishe kutazamwa na watu wawili anaowapenda kuliko wote, na hao wawili wajue alivyo. Alimpenda Mpishi. Hilo halikuwahi kupungua hata siku moja, na halikuwahi kumsaidia Mpishi hata siku moja.

"Tubandike hiyo," alisema. "Hiyo unayoikunja."

Mama akamgeukia. "Ikichuja je?"

"Haitachuja."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu hata zile sitini hazikuchuja zenyewe. Ni mimi. Gundi ilikuwa ya moto."

Mpishi aliacha kukunja. Mama akaweka kisu mezani, na kwa kuwa alikuwa fundi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, swali lake la kwanza lilikuwa la kifundi.

"Ya moto kiasi gani?"

"Vuguvugu. Nikiweka mkono naisikia."

"Na ulipaka wapi?"

"Kwenye nyekundu."

"Kwenye nyekundu," Mama alirudia. "Gundi ya moto, kwenye karatasi yenye rangi. Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna. Nyeupe zilikuwa nyembamba, zinang'ang'ania brashi, kila moja inataka kubembelezwa. Nikageuza nikapaka kwenye nyekundu ili ziende upesi. Na gundi sikuisubiri ipoe."

"Wewe? Wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

Taratibu alitazama kioo. "Ya nguo ya kupiga pasi. Shangazi yake alikuwa anakuja jioni."

Mama alivuta kiti akakaa. Mpishi alibaki amesimama, karatasi imekunjika nusu mikononi mwake. Taratibu alitamani kijana apige kelele.

"Ulijua lini kwamba ni wewe?" aliuliza Mpishi.

"Asubuhi ileile. Nilipobandua ya kwanza niliona mistari ya brashi yangu ndani ya ule wekundu."

"Kabla mama yako hajaongea mlangoni au baadaye?"

Angeweza kusema baadaye.

"Kabla," alisema. "Nilitaka kusema jioni. Halafu nikasema kesho. Halafu wewe hukuwepo tena, na kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ile ya nyuma. Nilimwogopa Mama, na nilikuogopa wewe. Sina cha kujitetea."

Mpishi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa kipimo alichokuwa anakisubiri.

"Mara tisa," alijisemea. Kisha akaikunjua karatasi tena, akainyoosha. "Basi tubandike. Alhamisi haitusubiri."

Gundi ilikuwa imepikwa asubuhi ya siku hiyo, ikachujwa kwa kitambaa, ikawekwa sakafuni kwenye baridi tangu saa nne. Taratibu aliitia kidole, akaweka tone kwenye kifundo cha mkono, ndani, pale ngozi ilipo laini. Hakusikia joto. Ilikuwa nzito pia, maji kidogo mno, maana maji ndiyo yanayotembeza rangi. Bila kuambiwa, Mpishi akaleta mkono wake karibu. Taratibu akamwekea tone naye.

"Baridi," alisema Mpishi.

"Baridi."

Wakalaza nyeupe juu ya kioo. Taratibu akaipaka gundi kutoka katikati kwenda nje, brashi pana, bila kuinua, bila kurudi nyuma. Nyekundu ilibaki kavu kwenye benchi. Halafu wakasimama wakisubiri unyevu wa gundi upungue, pande mbili za meza, na kati yao mita moja na nusu ya karatasi nyeupe inayong'aa.

"Sasa?" aliuliza Mpishi.

"Bado inang'aa."

"Na sasa?"

"Wewe subiri. Ikikosa mng'ao ila kidole kinashika, ndiyo sasa."

"Hapo zamani ulikuwa ukinifukuza wakati wa kusubiri."

"Ulikuwa unanichekesha."

"Leo sina cha kuchekesha."

"Nimeona."

Mng'ao ukaisha. Wakashika nyekundu, kila mmoja pembe mbili, wakaiinua ikalegea katikati. Kazi hii haifanyiki na mtu mmoja, na wasiosikizana huiharibu. Katikati hugusa kwanza, kisha pande hushushwa polepole, mikono minne kwa mwendo mmoja. Mkono wa Mpishi ulikuwa unatetemeka.

"Mkono wako," alisema Taratibu.

"Najua."

"Tumwite Mama ashike?"

"Hapana. Hesabu."

Akahesabu. Moja, wakashusha. Mbili, ikagusa. Alisikia harufu yake, siki na moshi wa kuni, ileile, na machozi yakamjaa akashindwa hata kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Tatu, pembe za mwisho zikalala. Vidole vyao vikakutana ukingoni mwa kioo. Hakuna aliyeviondoa mara moja, na hakuna aliyevikaza. Kisha Taratibu akachukua brashi kavu akasukuma hewa itoke, na Mpishi akanawa mikono, akamuaga Mama peke yake, akaondoka.

Mama alikuwa bado kwenye kiti.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungefanya nini?"

"Ningekufokea wewe badala yake."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Mama alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Na mimi nilisema kwa sauti kubwa," alisema. "Mpaka wapita njia wakasikia."

Asubuhi ya Jumatano Mpishi alifika saa mbili kamili. Taratibu akapitisha kipande cha mwanzi kilichochongwa bapa chini ya ukingo, karatasi ikaachia kioo kwa mlio mkavu, wakaigeuza kwa pamoja.

Nyeupe ilikuwa nyeupe. Kutoka pembe hadi pembe, hakuna doa, hakuna hata kivuli cha waridi. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye meza ile, na ilikuwa ushahidi dhidi ya aliyeifanya. Mpishi alipitisha kiganja juu yake.

"Miaka miwili," alisema.

"Nisamehe."

"Nilikuwa sijui nikiamka niamini nini. Mkono wangu nilikuwa siuamini. Unaelewa hilo?"

"Naelewa. Nisamehe."

"Mimi ni mtu mzima, nitaona cha kufanya na hasira zangu. Lakini shangazi yangu siku ile alirudi nyumbani akavua lile gauni, akalikunja akaliweka chini kabisa ya sanduku. Hajalivaa tena. Kuna harusi mbili zimepita, hajaenda. Ukitaka kuomba msamaha, anzia huko."

"Na wewe?"

"Mimi naishi kwake. Masufuria yangu yako uani."

"Na gari la kaka yako?"

"Sijamjibu," alisema Mpishi, akatoka.

Taratibu alivua aproni. Mama, aliyesikia kila neno kutoka nyuma, akamwambia, "Nenda na kosa lako. Langu nitalipeleka mwenyewe, siwezi kujificha kwenye mgongo wako."

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya tano kutoka kona, mlango wa bluu, ngazi mbili. Shangazi mwenyewe alikuwa anafagia ngazi, mwanamke mfupi mwenye kiuno kigumu na macho yasiyokosa kitu. Majirani wawili walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara wakizungumza.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Alikuwa anamjua vizuri sana. Taratibu akaimeza hiyo, alistahili.

"Mimi ni binti wa yule mama wa karatasi."

"Binti yake yupi?"

"Anaye mmoja tu."

"Kumbe." Ufagio haukusimama. "Amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe kukuomba msamaha. Zile karatasi, lile kosa," alisema, na sauti ikawa ndogo, "halikuwa la mtoto wako."

"Sikusikii."

"Nasema kosa halikuwa la mtoto wako. Lilikuwa langu."

Shangazi aliegemeza ufagio ukutani. "Siku ile mama yako aliongea, barabara nzima ikasikia. Nilipita katikati ya watu hawa hawa mpaka mlango huu huu. Leo wewe unakuja kuninong'oneza ngazini? Kama unasema, sema wasikie."

Taratibu aligeuka akaitazama barabara. Akavuta pumzi.

"Karatasi sitini zilichuja kwa sababu yangu," alisema kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuitumia maishani. "Nilipaka gundi ya moto nikijua haifai. Rangi yake ilikuwa nzuri. Nilijua, nikanyamaza, mkatukanwa nikiwa nasikia. Aliyekosa ni mimi."

Majirani waliacha kuzungumza. Mtu akafungua dirisha. Nyuma yake alisikia hatua kutoka uani, zikapita sebuleni, zikafika mlangoni.

"Shangazi, inatosha," alisema Mpishi. "Nimesikia nikiwa kwenye masufuria yangu. Na wa mtaa wa pili wamesikia."

"Wewe nyamaza," alisema shangazi. "Wewe ulisikia jana. Mimi nimengoja miaka miwili, kusikia mara moja hakujanitosha." Akamtazama Taratibu. "Rudia."

Mpishi alishuka ngazi. Mikono yake ilikuwa imeloa na myekundu hadi viwikoni, inadondosha rangi. Hakusimama upande wa shangazi yake. Alisimama ubavuni kwa Taratibu, bega kwa bega, wote wawili wakimtazama mwanamke aliye mlangoni, kama walivyopaswa kusimama mbele ya mama yake asubuhi ile.

Taratibu akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.